Jino la Bibi Sairakan

Wapo watu wanaodhani kuwa kuuliza ni kujivua nguo hadharani. Huitikia kila wanaloambiwa, kisha hutoka vilevile walivyoingia. Methali isemayo kuuliza si ujinga inawalenga hao, na mmoja wao ni Mzee Toktosun wa mji wetu wa milimani, Naryn. Ni jirani yangu, na hachukii nikimsema.

Mkewe, Bibi Sairakan, hupiga temir-komuz, kile chuma kidogo kinachobanwa kwenye meno ya mbele na kukwanyuliwa kwa kidole mpaka kinywa kizima kiimbe. Jumapili ile mjukuu wao Bektur angekatwa uzi wa miguuni, ule ambao kwa mila yetu hufungwa mtoto anayeanza kutembea, kisha atembee mbele ya ukoo. Wajukuu sita waliomtangulia walipiga hatua zao za kwanza kwa muziki wa bibi, naye aliapa wa saba hatakosa. Lakini jino lake la mbele lilikuwa limemtoa machozi wiki nzima. Jumatatu maumivu yakakatika ghafla.

"Si unaona? Limepona," alisema mzee, ambaye naye alikuwa na gego bovu.

"Limepona, na ufizi umevimba? Twende tukaulize."

"Twende tukatibiwe. Kuuliza, kaulize wewe."

Zahanatini, daktari wa meno Nurzat, mwenye umri wa binti yao wa mwisho, alianza na mzee. Alimwambia atasafisha mzizi, atauziba kwa muda, naye arudi baada ya wiki mbili.

"Una swali, baba?"

"Nimechunga farasi miaka arobaini, mwanangu. Wewe choma sindano."

Alitoka shavu likiwa limekufa ganzi, akajigamba kwenye foleni kama aliyerudi vitani.

Bibi Sairakan alipoketi, aliushika mkono wa daktari kabla ya kufunguliwa kinywa. "Ngoja kwanza. Maumivu yameisha. Nimepona?"

"Hapana, mama. Mshipa wa ndani ndio umekufa. Uozo unaendelea kimyakimya kuelekea mfupani."

"Kwa hiyo unaling'oa?"

"Jino linabaki. Natoa kilichooza ndani, nasafisha, najaza."

"Unatobolea wapi?"

"Kwa nyuma, upande wa ulimi. Sindano itakuchoma kidogo tu. Siku mbili tatu utahisi linauma ukiligusa, hilo ni kawaida. Uvimbe ukizidi, nipigie simu."

Mlango ulikuwa wazi. "Huyo bibi kaja kutibiwa au kusomea udaktari?" alisema mtu kwenye foleni, na watu wakacheka. Mzee Toktosun akajifunika uso kwa kofia. Bibi hakujali hata kidogo.

"La mwisho, binti yangu. Jumapili nabana chuma kwenye jino hili hili."

Daktari akaweka chini kifaa chake. "Chuma gani?"

Bibi akakitoa kifuani, akakikwanyua polepole upande wa meno mazima. Foleni ikageuza shingo kusikiliza.

"Mama, kama usingesema, ningekuzibia kwa dawa ya muda kwa wiki mbili, na Jumapili ungeitema pamoja na kipande cha jino. Leo nasafisha na kuweka dawa tu, urudi Alhamisi. Uvimbe ukiwa umeshuka, nitaziba kwa dawa ngumu ya kudumu."

Njiani kurudi nyumbani, ganzi ilipoisha, mzee alichomoa mfukoni kuruti, yale maziwa yaliyokaushwa mpaka yakawa magumu kama kokoto. Akaiuma kwa gego lile lile. Kah! Gego likapasuka hadi kwenye mzizi.

"Mbona hakuniambia nisitafune?"

"Alikuuliza kama una swali," alijibu mkewe.

Alhamisi wakarudi pamoja. Jino la bibi lilizibwa vizuri, la mzee likang'olewa.

Jumapili, Mzee Toktosun alipewa kichwa cha kondoo kwa heshima ya ukubwa wake. Akaishia kugawa nyama na kunywa mchuzi, huku shemeji zake wakimtania na yeye mwenyewe akicheka kuliko wote. Uzi ukakatwa. Bibi Sairakan akabana chuma menoni, na sauti ikajaa ua mzima. Bektur akapiga hatua nne, akaketi kitako, akamtazama bibi yake. Bibi hakuacha kupiga. Mtoto akainuka, akamwendea hadi magotini. Nililia, wala sioni haya kusema.

Mzee akaniinamia sikioni. "Jirani, nikienda kutengenezewa jino la bandia, njoo kwanza uniandikie maswali."

Ama kweli, kuuliza si ujinga.