Lita Tano za Tajiri Ngonyani

Tajiri Ngonyani alikuwa akiuza gari kuukuu la petroli, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, na aliapa kwamba halinywi mafuta.

"Lita moja, kilomita kumi na mbili."

"Basi tia lita tano tu," akasema Bi Sikudhani, aliyekuja kulitazama. "Likifika kilomita sitini, nalinunua kwa bei yako. Ila lijaribiwe na mzigo."

Tajiri aliitegemea miteremko ya njiani, akakubali. Bi Sikudhani akapakia madumu manne, wakaondoka. Nusu ya safari gari likakohoa, likazima karibu na kibanda kilichofungwa.

"Petroli inauzwa wapi huku?" akauliza tajiri kwa unyonge.

Bi Sikudhani akashusha madumu, akafungua kibanda. "Hapa kwangu. Bei mara mbili, tajiri, maana kuyaleta mafuta huku ni kazi. Bei ni hiyo mpaka nimpate anayeuza gari lisilonywa mafuta."