Mizigo Saba ya Mama Buku

Paukwa!
*Pakawa!*
Palikuwa na nyumba?
*Ilikuwapo.*
Ina nani sasa?
*Ina mwingine.*
Na mwenyewe?
*Kahama na mashavu yake.*

Basi sogeeni. Anayemenya na amenye, anayebembeleza mtoto na abembeleze. Masikio hayana kazi nyingine.

Siku hiyo Mama Buku alikuwa anachambua mtama. Buku, kwa asiyemjua, ni panya mkubwa mwenye mifuko ndani ya mashavu, na humo ndimo anamobebea chakula. Mtama mzuri alitia shavu la kulia, mtama uliotobolewa na fukusi shavu la kushoto, makapi akaangusha chini. Kulia, kushoto, chini. Kulia, kushoto, chini.

"Hodi! Hodi, shoga!" Jirani yake Bi Kanga alikuwa mlangoni.

"Mm," alijibu Mama Buku.

"Hodi jamani! Mbona hujibu? Au umeshatolewa?"

"Mm-mm!"

"Tema basi tuseme!"

Mama Buku akatema, prrrr, mzuri na mbovu ukachanganyika. Akautazama. "Sema, Bi Kanga. Na iwe habari ya maana, maana umeniharibia kazi ya asubuhi nzima."

"Ngiri anakuja kesho. Jua likisimama utosini."

"Kesho ni arobaini ya marehemu."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Mimi nimehesabu."

"Na yeye kahesabu, shoga."

Pale Kichuguuni kulikuwa na desturi, na desturi hazikutungwa na wajane. Dume akifa, mjane hukaa siku arobaini bila kuguswa. Ikifika ya arobaini, mwenye nguvu akilitaka shimo, analichukua. Anayetoka hufunga mizigo yake na kuipanga mlangoni. Anayeingia huchagua kwanza, anayetoka hubeba kinachobaki. Kilichofungwa ndicho kinachohesabiwa. Kilichotupwa jaani si cha mtu. Ni cha yeyote atakayeinama.

"Kwa Mama Sungura," aliuliza Mama Buku, "Ngiri alibakiza nini?"

"Kamba."

"Kamba ya nini?"

"Ya kufungia mizigo."

Mama Buku aligeuza shingo. Nyuma yake ghala lilikuwa limejaa: mtama, karanga na kunde, akiba ya masika yote. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milimani. Alikuwa na watoto sita. Mwaka uliopita masika yalimkuta na ghala nusu, akazika wawili. Hakuhitaji kuambiwa na mtu hesabu hiyo inavyokwenda.

"Utanisaidia kubeba, Bi Kanga?"

"Ningekuja, shoga yangu, lakini nina mayai."

Akaenda kwa Kobe. Kobe akasema, "Mwanangu, mimi nyumba yangu naibeba mgongoni, nayo yanitosha." Akaenda kwa Nguchiro. Nguchiro akasema, "Mimi na Ngiri tunasalimiana." Akaenda kwa Nungunungu. Nungunungu akasema, "Ukipata shida niite," akaingia ndani, akalala.

Mama Buku akarudi. Akawaambia watoto, "Tunahama wenyewe. Ng'ambo ya kijito kuna tanuri la mkaa la zamani, kavu, halina mtu. Haya, kila mtu alete kilicho pembeni yake."

Ndipo vikaanza kutoka vitu vya marehemu.

Marehemu Mzee Kokota alikuwa haoni kitu akakiacha. Akienda shambani kutafuta muhogo, anarudi na muhogo na kizibo cha soda. Akienda kutafuta maji, anarudi na soli ya kandambili. Mkewe alimpigia kelele miaka yote. "Baba Mwanashi, hiki cha nini?" Naye hujibu, "Itafaa siku moja." Jibu lilikuwa hilo moja tu. Hata siku aliyokufa alikuwa amerudi kufuata kijiko kilichokatika mpini, kando ya mtego. Mtego ukafyatuka. Kijiko kililetwa nyumbani na Nguchiro, na mpaka leo Mama Buku hajaamua kama ashukuru au atukane.

Mtoto mkubwa, Mwanashi, alikuwa anavitoa, mama anavihukumu.

"Betri imekufa. Inafaa?"

"Haifai. Tupa."

Pu!

"Kipande cha kioo. Kinafaa?"

"Hakifai. Tupa."

Pu!

"Miiba ya nungunungu, fungu zima. Inafaa?"

"Ya nini tena? Tupa."

Pu!

"Vizibo, kumi na vinne. Vinafaa?"

Kitindamimba, aliyekuwa mdogo kuliko kizibo chenyewe alipozaliwa, akadakia, "Baba alisema—"

"Baba alisema mengi. Tupa."

Pu, pu, pu, pu!

Na humo humo akatupa makapi ya mtama, na kwa haraka akatupa konzi nzima ya karanga pamoja nayo. Alipogundua akatoka mbio kuziokota. Bi Kanga alikuwa anapita. Bi Kanga huyo huyo ambaye anaona chawa juu ya mgongo wa nyati. Alipita kando ya jaa, shingo kageuzia upande wa pili, akaenda zake. Zile karanga zilikuwa wazi, nyekundu, zinang'aa juani.

Mama Buku akasimama. Akaangalia jaa. Akaangalia ghala. Akaangalia jaa.

"Mwanashi."

"Naam, mama."

"Rudisha betri ndani. Rudisha kioo. Rudisha miiba. Rudisha takataka zote za baba yako."

"Mama, si umesema hazifai?"

"Nimesema. Leta na majani ya mgomba, mapana."

Walifanya kazi mpaka jua likatua, wakaanza tena lilipochomoza. Takataka za Mzee Kokota zikafungwa mizigo, saba, mizuri, imekazwa kama mizigo ya harusi. Mama Buku akaponda karanga chache, akaipaka mizigo yote kwa nje, ikanukia. Nayo akiba ya masika ikatoka jioni na asubuhi, shavu kwa shavu, ikamwagwa jaani. Juu yake makapi. Juu ya makapi majivu. Juu ya majivu, samahani nyinyi mnaokula, mavi ya ng'ombe.

Kikabaki kitu kimoja. Kifungo cha shati, cheupe, cha matundu manne. Mzee Kokota alimletea kabla hawajaoana. Mama Buku alikilalia, alikifanya mto, na tangu msiba alikuwa anakisogeza tu, huku na huku, kila akifagia.

Akakitia shavuni apime. Kifungo kilikaa nafasi ya karanga nne. Akakitema. Karanga nne ni chakula cha mtoto mmoja cha siku moja. Akakitia kwenye mzigo wa saba, akakaza fundo, akanawa mikono.

Jua likasimama utosini. Ndi! Ndi! Ndi! Ngiri huyo, mkia juu kama mti wa bendera, pembe mbili mdomoni.

"Pole na msiba, shemeji," alisema, wakati hawakuwa na ushemeji wowote.

"Nimeshapoa."

"Marehemu alikuwa mtu wa watu."

"Alikuwa mtu wa vitu."

"Haya, tusicheleweshane. Mizigo iko wapi?"

"Hiyo hapo. Chagua, baba. Ila nakuomba uniachie miwili. Nina watoto sita."

Ngiri akanusa wa kwanza. Fss, fss. Karanga! Akanusa wa pili. Fss, fss. Karanga! Akanyanyua pua, akanusa na jaa, akakunja uso. "Wanawake wengine wachafu, jamani. Umekaa na uvundo huu arobaini nzima?"

"Nilikuwa na msiba, baba. Sikufagia."

Lakini Ngiri alikuwa ameshatoa wajane wengi, na alikuwa anajua jambo moja. Akaketi. Akamtazama. "Mbona hulii?"

"Ha?"

"Mama Sungura alilia. Bi Pelele alilia mpaka akazimia. Mjane akiona mizigo yake inachukuliwa, analia. Wewe macho makavu kama vumbi la kiangazi. Mizigo hii ina nini ndani? Nisije nikabeba mawe."

Watoto wakakamata mikia yao. Mama Buku akatafuta machozi. Hakuyapata. Hakuwa amelia hata siku moja, tangu mtego. Alikuwa anapika, anafagia, anachambua, anahesabu vichwa. Kilio kilikuwa kinasubiri zamu yake na zamu haikufika. Akafinya macho, wapi. Akafikicha pua, wapi.

"Nitaifungua nione," alisema Ngiri, akaukamata wa saba. Alipouinua, ndani yake kitu kikagonga. Ti!

Mama Buku aliujua mlio ule. Ndio mlio aliousikia kila akigeuka usingizini.

"Huo niachie," alisema.

"Upi?"

"Huo. Bwana Ngiri, chukua yote sita. Huo niachie."

"Ahaa!"

Mama Buku akaushika kwa mikono miwili. Ngiri akavuta. Mama Buku akavutwa pamoja nao, mpaka akaanguka kifudifudi, na pale chini kilio cha siku arobaini kikatoka chote kwa mara moja. Alilia kwa sauti mbaya, isiyo na adabu. Watoto hawakuwahi kuisikia, wakaanza kulia nao. Bi Kanga akachungulia juu ya mayai yake. Hata Kobe akatoa kichwa.

Hila nyingine zote zilikuwa zake. Hiyo ya mwisho haikuwa hila.

Ngiri akacheka mpaka pembe zikagongana. "Kumbe mali iko humu! Basi nachukua yote saba. Wewe beba kinachobaki, shemeji. Kamba si hiyo?"

Akaisukuma mizigo shimoni, mmoja mmoja. Kisha akaingia mwenyewe, na ngiri, mnajua, huingia shimoni kinyumenyume, makalio mbele ya kichwa, ili adui asimshike kwa nyuma. Akarudi, akarudi, akarudi, akaukalia mzigo wa tatu.

Mzigo wa tatu ulikuwa wa miiba ya nungunungu.

"UWIIIII!"

Akiruka mbele, mabega yanakwama mlangoni. Akirudi nyuma, miiba inamngoja. Mbele, kwaa! Nyuma, chwaa! Mbele, kwaa! Nyuma, chwaa! Majani ya mgomba yakapasuka: soli ya kandambili, betri, kioo, vizibo, kijiko kisicho na mpini.

"Nimeibiwa!" alipiga kelele. "Majirani, nimeibiwa!"

"Umeibiwa nini, Bwana Ngiri?" aliuliza Bi Kanga. "Si umechagua mwenyewe?"

Mama Buku hakusubiri kusikia jibu. Alikuwa ameshajifuta uso na kufika jaani. Akainama. Watoto sita wakainama. Wakajaza mashavu, mdogo amekamata mkia wa mkubwa, wakavuka kijito kwenye mawe. Wakatema tanurini. Wakarudi. Mara ya pili. Mara ya tatu. Mara ya nne Ngiri alikuwa bado anajadiliana na miiba, na hakuna aliyewauliza kitu. Mtu anayeinama jaani, nani anamsalimia?

Kifungo hakikurudi. Kilikuwa ndani, chini ya Ngiri. Mama Buku alisimama kidogo mbele ya mlango wake wa zamani, akaondoka.

Mvua ilianza kudondoka walipowasha moto tanurini. Mahali palinuka mkaa, lakini palikuwa pakavu. Mama Buku akaweka chungu cha zamani alichokikuta humo, akatandika jani.

"Temeni mlichobakiza mashavuni, tupike."

Mwanashi akatema kunde. Wa pili akatema karanga. Wa tatu mtama, wa nne mtama, wa tano kunde na mchanga. Kitindamimba akafunga mdomo.

"Na wewe, tema."

"Mm-mm."

"Tema, mwanangu, nimechoka."

Akatema. Ting! Kizibo cha soda.

Mama Buku alikiangalia kile kizibo. Safari nne, mtoto yule amevuka kijito shavu moja bila chembe ya chakula. Alifungua mdomo wa kugombeza.

"Itafaa siku moja," alisema Kitindamimba, akajificha nyuma ya dada yake.

Mama Buku hakugombeza. Aligeukia chungu, akakoroga, akakoroga kupita haja ya chakula chenyewe. Kilipoiva akatafuta cha kupakulia. Hakuna. Upawa umebaki Kichuguuni, hakuna aliyeukumbuka. Akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Nipe hicho kizibo."

Akapakua. Kizibo kimoja kwa Mwanashi. Kizibo kimoja kwa wa pili. Wa tatu, wa nne, wa tano. Kitindamimba kizibo kimoja, na nusu. Hakuna aliyeona mwenziwe kapata zaidi, isipokuwa hiyo nusu, na hiyo nusu hakuna aliyeisema. Akajipakulia na yeye. Mkono ukaenda chunguni kuchota fungu la nane, la baba yao, kwa mazoea, ukarudi.

"Mwanashi?"

"Nipo."

Akawaita mmoja mmoja, mpaka wa sita. Wote wapo.

"Kuleni basi," alisema Mama Buku. "Kinapoa."

Funzo lake, wanangu, msilisahau: siku ya kuhama, tupa kila kisichofaa, usibakize hata kizibo. Na mume akikuletea takataka nyumbani, mkanye mapema, maana hazitakufaa chochote.

Mimi nimeishia jikoni. Mvua iliendelea, na ndani ya lile shimo, wanasema, Ngiri hajakaa kitako mpaka leo.

*Na sisi je?*

Nyinyi oshaneni mikono. Wangapi hapa? Wote mpo? Haya.