Namba Sita na Nyuzi Zilizochanwa

Ndugu zangu wa grupu, hii msiiruke. Mimi mwenyewe ujumbe wa kusambaziwa huwa naufuta bila kusoma, lakini huu nimeusoma mara tatu kwenye foleni ya unga, mpaka zamu yangu ikanipita.

Katika hospitali moja ya mkoani kulikuwa na daktari anaitwa Namsifu Mrutu. Kazi yake ilikuwa kupima vinyama vinavyokatwa kwa wagonjwa, hasa wa saratani ya matiti, na kuwafundisha wengine kazi hiyo, na kliniki ya kuwafuatilia wagonjwa hao aliisimamia yeye. Alikuwa mkali, lakini mkali wa haki.

Siku ya mtihani aliweka mezani vioo kumi vya hadubini. Kila kioo kilikuwa na kinyama chembamba cha mwanamke wake, na wanawake hao kumi wote walifanyiwa upasuaji miaka saba nyuma.

“Wanne kati ya hawa ugonjwa uliwarudia,” alisema. “Sita hawajambo. Niandikieni namba za hao wanne.”

Deogratias, kichwa cha darasa, alimaliza wa kwanza. Alitafuta seli za saratani zilizo kubwa na zenye sura mbaya kuliko zote, akaandika namba nne, akakunja mikono. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Ndivyo walivyosoma kitabuni, huwezi kuwalaumu.

Aliyechelewa ni Sikudhani. Huyu alikuwa mama wa miaka thelathini na nne, aliyesuka watu nywele Tanga miaka kumi kabla ya kurudi shule. Seli alizitazama, kisha macho yakahamia pembeni, kwenye nyuzinyuzi zinazozizunguka. Nyuzi hizo ni protini. Moja inaitwa kolajeni, na kazi yake ni kuzishikilia seli zikae mahali pake.

Kwenye vioo vingine nyuzi zilikuwa zimejikunja, zimeuzunguka uvimbe. Kwenye vingine zilikuwa zimenyooka kutoka kwenye uvimbe kwenda nje, kama nywele zilizopitishwa kitana. Sikudhani akajiambia: palipochanwa hivi, seli mbaya inatoka bila shida. Akaandika namba tano.

“Nimesema wanne,” Daktari akamwambia.

“Nimesikia, Daktari. Ila mimi nawaona watano.”

Deogratias akacheka. “Dada, hapa hatusuki.”

Daktari akasahihisha. Deogratias alipata wawili tu. Sikudhani aliwapata wote wanne. Nilipofika hapo nilipiga makofi peke yangu, watu wa foleni wakanigeukia. Lakini subirini kwanza. Yule wa tano, namba sita, alihesabiwa mzima, kwa hiyo Daktari akapiga eksi nyekundu.

Sikudhani hakugombea alama. Aliuliza swali moja tu. “Namba sita alionwa lini mara ya mwisho?”

Daktari akafungua faili. Mwanamke aliitwa Mama Nakijwa, anakaa mtaa wa pili kutoka hospitali. Mara ya mwisho kuja kliniki ilikuwa miaka mitatu nyuma. Chini yake pameandikwa neno moja: Amepona. Mwandiko ulikuwa wa Daktari mwenyewe.

Nyuzi hazisemi kwamba ugonjwa lazima urudi, zinasema hatari ni kubwa. Kama Sikudhani yuko sahihi, mama wa watu anatembea na saratani bila habari. Kama amekosea, wanakwenda kumtia hofu bure mtu asiye na kitu.

Daktari na Sikudhani walikwenda kwake mchana ule ule. Mama Nakijwa aliwakaribisha, akawapa soda, na aliposikia kilichowaleta akatikisa kichwa.

“Daktari, mimi nilishatoa shukrani kanisani. Nilichinja mbuzi, nikalisha watu. Nikionekana tena kwenye benchi la kliniki, watasema nilimdanganya Mungu.”

Sikudhani akajibu taratibu, “Mama, hukumdanganya yeyote. Ulishukuru kwa siku ile. Sisi tunaomba tuangalie ya leo.”

“Na mkikuta sina kitu?”

“Nitasimama kanisani kwenu nikuombe radhi, mbele ya watu wale wale.”

Mama Nakijwa akacheka, akajifunga kitenge, akaenda nao.

Picha ya titi ikapigwa. Jamani, kivimbe kilikuwepo. Karibu na kovu la zamani, kidogo kama punje ya mtama, hakuna mkono ambao ungekihisi. Wakaangalia mwili mzima, hakijafika popote. Kikatolewa wiki ile ile na dawa zikaanza. Nilifurahi kama vile ni mama yangu mzazi.

Alipopata nguvu, alisimama kanisani akawaambia wenzake, “Nimekuja kushukuru tena. Na kliniki narudi Alhamisi ijayo, anayetaka anisindikize.” Wanawake kumi na mmoja walimsindikiza, na watatu kati yao walikuwa wameacha kliniki zao wenyewe kwa aibu ile ile.

Jumatatu Daktari Mrutu aliingia darasani na karatasi ya Sikudhani mkononi. Akaifuta ile eksi mbele ya wote.

“Sikudhani hakukosa,” alisema. “Aliwahi. Aliyekosa ni mimi, niliyeandika Amepona nikafunga faili.”

Kama una mama, dada au shangazi aliyeacha kliniki kwa sababu alishatoa shukrani, mtumie ujumbe huu yeye kwanza, sisi wengine tutasubiri.

Funzo: Ukitaka kujua kama ugonjwa utarudi, usiutazame wenyewe tu, tazama na njia ambazo ugonjwa umejitengenezea pembeni, na kushukuru kwa kupona hakumzuii mtu kwenda kupimwa tena.