Visiki Vipo

"Mwomba kupunguza, muulize shoka lakoma wapi."

Mliisikia jana mkutanoni, yule mama aliyekaa nyuma alipomkatiza mgeni aliyekuja kuomba tupunguze miti ya shuleni ili mradi wake upite. Mgeni akatabasamu, akidhani ni utani. Na ninyi vijana mkacheka pamoja naye. Leo mmekuja kuniuliza maneno yale yalitoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, na ilianza kwa kicheko kama hicho chenu cha jana.

Hapa hapa kwetu milimani Upare alikuwepo mjane aliyeitwa Namkunda. Nyuma ya nyumba yake, kwenye ukingo wa mpaka na jirani, ilisimama mikuyu mitatu minene, ambayo watu wazima wakishikana mikono hawakuweza kuizunguka. Chini ya mizizi yake ilitoka chemchemi. Maji yale ndiyo yaliyonywesha shamba lake la tangawizi, na tangawizi ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu aliokuwa akiwalea. Hakuwa na kingine, na kila mtu alijua.

Jirani wa upande wa juu alikuwa Mbonea, rafiki wa marehemu mumewe, kwa hiyo walikuwa wakiitana shemeji. Mbonea alirudi kutoka mjini akitaka kujenga ukumbi wa harusi. Kujenga si dhambi. Lakini mikuyu ilisimama pale pale alipotaka lango la magari, na kwa mila yetu mti wa mpakani una wenyewe wawili. Mmoja haugusi mpaka mwenzake atoe neno mbele ya shahidi. Basi akateremka kwa Namkunda na kibuyu cha dengelua, ile pombe yetu ya miwa, na shahidi akamleta Mzee Mchome, mwenyekiti wa baraza.

"Shemeji," Mbonea akasema, "hii mikuyu yetu imejaa mno. Naomba tuipunguze kidogo. Maendeleo yanataka nafasi."

"Wewe na maendeleo yako. Marehemu alikuwa akisema ungeweza kuoa lori."

"Lori halijui kupika, shemeji."

Wakacheka. Namkunda akafikiri. Tangu utoto wake, kupunguza mti ni kukata matawi ili mwanga uufikie mgomba na kahawa, na mti wenyewe ubaki. Ndivyo mama yake alivyopunguza, ndivyo na mama wa Mbonea alivyopunguza. Akasema, "Basi punguza." Mzee Mchome akalishuhudia neno hilo, akafuta midomo, akajimiminia tena.

Wiki ile Namkunda akaitwa msibani kwao alikozaliwa. Aliporudi akafungua mlango wa jiko, akakuta jua limelala juu ya mafiga. Tangu aolewe alikuwa hajawahi kuona jua mle ndani. Akatoka nje, akainua macho, hakuona kitu cha kuyazuia yasifike mbinguni. Mikuyu yote mitatu ilikuwa chini, imeshapasuliwa mbao.

Akapeleka shauri barazani. Nilikuwepo. Nimeshasahau mambo mengi maishani, lakini siku ile sijaisahau, wala sijasahau nani alikaa wapi.

"Nilikuambia upunguze," Namkunda alisema. "Nani alikuambia uue?"

Mbonea akasimama, akanyoosha koti lake. "Wazee wangu, mimi nimepunguza. Mti ulikuwa mrefu, sasa ni mfupi. Shemeji atazame vizuri. Visiki si vipo?"

Baraza zima likacheka. Wazee wenye mvi, wenye wake na mabinti, walicheka mpaka mmoja akapaliwa na ugoro. Majina yao ninayo, na wajukuu wao wanaishi humu humu. Mzee Mchome, aliyejua fika mjane alikusudia nini, akagonga fimbo. "Mama, neno ulilitoa kwa kinywa chako. Mikuyu ipo, imepunguzwa tu. Shauri limekwisha."

Shauri limekwisha! Chemchemi ilipungua kwanza, kisha ikawa tope, kisha ikawa alama ya tope. Tangawizi ikageuka njano ikiwa bado changa. Namkunda akawa anateka maji mtoni, anapanda nayo mlima kichwani, mzee kama yule, huku juu yake mafundi wakikoroga saruji. Waliocheka walikuwa wakikutana naye njiani na kumpa pole. Pole! Kana kwamba ni mvua iliyokata miti ile.

Lakini mkuyu ni mkuyu. Mvua za vuli zilipokuja, visiki vikachipua. Machipukizi yakapanda haraka kama yenye hasira, yakaziba lango la ukumbi kabla halijapita hata gari moja. Mbonea akateremka tena, safari hii na vijana wenye sururu, na Mzee Mchome nyuma yao. Walimkuta Namkunda shambani, na sisi majirani tukasogea kusikiliza.

"Shemeji, tuje tumalizie kidogo hapo juu," Mbonea akasema. "Tuvipunguze hivi visiki."

Namkunda akarudi nyumbani. Akaingia ndani, akatoka na shoka la marehemu mumewe, akamkabidhi mkononi.

"Ulipoomba kupunguza mara ya kwanza sikukuuliza," alisema. "Leo nakuuliza. Shoka hili lakoma wapi? Lipeleke ukalilaze pale litakapokoma, mimi na shahidi wako tukaone."

Mbonea akalitazama shoka, akamtazama mwenyekiti. "Shemeji, visiki ni takataka tu. Hii si miti."

"Si miti?" Namkunda akamgeukia Mzee Mchome. "Mwenyekiti, barazani ulisema nini? Mikuyu ipo, imepunguzwa tu. Sasa kama ipo, ni miti ya mpakani, na neno langu silitoi. Na kama haipo, basi huyu aliiua, na wewe ulidanganya mbele ya wazee. Chagua."

Mzee Mchome alitazama fimbo yake. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini, "Miti ipo." Wale vijana wakabeba sururu zao begani wakapanda mlima bila kuagana na mtu.

Ukumbi ule ulifunguliwa, ila maharusi walishuka garini kule barabarani, wakapita kwa miguu kando ya mikuyu, bibi harusi ameshika gauni lisiburuzike topeni. Naam, topeni. Maji yalikuwa yameanza kurudi. Hayakurudi yote, na Namkunda hakuishi kuyaona yakijaza ndoo. Msiseme alishinda. Aliibiwa, akazuia kuibiwa mara ya pili, basi.

Kesho yule mgeni anarudi kutaka jibu letu. Atasema "kupunguza", atasema "kidogo", atasema "maendeleo", na atakuwa mpole sana. Msimtukane. Mpeni kiti na maji ya kunywa. Kisha mmoja wenu achukue shoka, amwekee mkononi, amwombe atembee nalo mpaka kwenye mti wa mwisho anaoutaka, sote tukiona. Na safari hii asicheke mtu.

Mwomba kupunguza, muulize shoka lakoma wapi.