Mize na Ndege Apinduaye Mawe

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mwamba na maji, na watoto waliokula wakashiba.

Hapo kale palikuwa na msichana, Mize, na mdogo wake Tatu. Kila maji yakipwa walikwenda mwambani kutafuta pweza. Desturi ya kwao, ukipindua jiwe, ulirudishe, wadudu walio chini wasikaushwe na jua. Mize alirudisha kila jiwe, kisha akarudi kuhakikisha.

"Dada, jiwe halitatoroka!" Tatu alimcheka.

Nyuma yao alitembea ndege mdogo mwenye miguu ya rangi ya chungwa. Alipindua mawe kwa mdomo, akala alichokikuta chini.

Siku moja Mize alipindua jiwe, pweza mnono akachomoka. Akamkimbiza, jiwe akalisahau.

Basi, jiwe lililoachwa wazi ni mlango wa zimwi. Zimwi likatoa kichwa katika shimo la jiwe lile, likanyoosha mkono mrefu, likamkamata Tatu. Likamgeuza kijiwe, likamficha chini ya jiwe moja kati ya mengi.

"Nirudishie mdogo wangu!"

"Mtafute! Maji yakijaa, ni kitoweo changu."

Mize akashika jiwe la kwanza. Zito kama mlima! La pili. Zito kama mlima! La tatu. Zito kama mlima! Maji yakamfika vifundoni.

"Dada Mize, walia nini?" akauliza ndege.

"Mawe yamekataa mikono yangu."

"Mdomo wangu hayajaukataa."

Zimwi likacheka. "Wewe? Na shingo hiyo kama kijiti cha mshikaki?"

"Bwana, mimi sikuja kushindana. Nimekuja kula."

Pindu! Kaa.

Pindu! Kamba.

Maji yakafika magotini.

Pindu! Kijiwe chenye joto. Mize akakikumbatia, kikapiga chafya, kikawa Tatu.

Basi, kabla zimwi halijanyoosha mkono, Mize alilirukia lile jiwe alilolisahau. Alipolirudisha, halikuwa zito hata kidogo. Zimwi likafungiwa chini, kimya.

"Asante, ndege. Asante sana. Nikupe nini?"

"Ulishanipa, dada. Ungeacha mawe wazi, wadudu wangekufa, nami ningehama zamani. Leo ungemwita nani?"

Mize akamshika Tatu mkono, wakatoka majini. Tangu siku hiyo mawe ya ukingoni mwa maji hakuyagusa, alimwachia ndege. Na Tatu hakumcheka tena dada yake.

Hadithi yangu imeishia hapo, jiwe limelala mahali pake. Nanyi, wanangu, mkichukua kitu, paacheni mlipokitoa pakiwa pazima, na mshukuruni aliyewafaa, hata awe mdogo.