Siku Tatu za Waziri Kunguru

Sikilizeni, nimekuja nayo!

*Kama unayo, itue tuione!*

Mwezi ulipoandama mara ya kwanza baada ya masika, Baraza la Wanyama lilipokea swali kuhusu mambo ya ng'ambo ya mto. Hiyo ni zamani, zamani sana. Wanyama walikuwa na Spika, naye alikuwa Pofu, yule mkubwa wa swala wote. Mnyama akisimama kuuliza, wengine wote waliacha kutafuna wamsikilize. Ninyi hamkuliona baraza lile. Mimi pia sikuliona. Bibi yangu alisimuliwa na bibi yake.

Desturi ilikuwa hivi. Mwenye swali alimpelekea Spika, Spika akamfikishia waziri, waziri akapewa siku tatu. Siku ya nne alisimama juu ya kichuguu akajibu.

Kwa miaka mingi waziri wa mambo ya ng'ambo alikuwa Korongo. Korongo hakujua kupamba maneno. Alisema nimeona hili, sikuona lile, kisha akashuka. Alipokufa wanyama walimchagua Kunguru, kwa sababu Kunguru alisema vizuri.

Aliyeleta swali alikuwa Mama Ngiri. Mwanawe mkubwa, Chonge, alivuka mto kabla ya mvua kufuata magadi. Hakurudi. Sheria ya pande zote mbili ilikataza mnyama kuvuka kutafuta mwenzake. Kazi hiyo ilikuwa ya waziri peke yake. Mama Ngiri alitaka kujua jambo moja: mwanangu yuko hai?

Kunguru alipanda kichuguu. Alisema uhusiano wetu na ndugu zetu wa ng'ambo ni mzuri, na kwamba tangu enzi za mababu tunakunywa maji ya mto mmoja. Wanyama walipiga kwato chini kwa furaha. Mama Ngiri alirudi shimoni kwake.

Mwezi wa pili ulipoandama, alileta swali lile lile. Kunguru alipanda kichuguu. Alisema Serikali inalifuatilia suala hilo kwa karibu, na akamwomba mama awe na subira. Wanyama walipiga kwato. Mama Ngiri alirudi shimoni kwake. Majirani walisema usiku huo hakula.

Mwezi wa tatu ulipoandama, alileta swali lile lile. Kunguru alikuwa amechoka nalo. Alipanda kichuguu akasema amekwenda ng'ambo yeye mwenyewe, amemwona Chonge kwa macho yake, amenenepa, na anawasalimu wote. Kwato zilipigwa mpaka vumbi likapanda.

Mama Ngiri aliomba swali la nyongeza. Spika akamruhusu.

"Mheshimiwa Waziri, ulimkuta saa ngapi?"

"Jua lilikuwa linatua, mama. Alikuwa anaingia shimoni kulala."

"Aliingiaje?"

"Aliingiaje tena? Kwa kichwa, kama mtoto yeyote mwenye adabu. Mimi nikabaki natazama mkia wake unapotelea ndani."

Ngiri wengine waliinua vichwa. Ngiri aliyeota meno huingia shimoni kinyumenyume, meno yakitazama mlangoni, ili adui akija amkute tayari. Mama humfundisha mwanawe hilo kabla ya kumfundisha kuchimba mizizi.

"Basi, baba, huyo uliyemwona si mwanangu," alisema Mama Ngiri. "Labda ulisalimiana na panya."

Fisi alicheka, kisha akakumbuka alipo, akaacha.

Spika Pofu alimuuliza waziri zile siku tatu amezifanyia nini. Kunguru alijibu kwamba alikuwa akiandaa jibu.

"Kuandaa jibu," alisema Pofu. "Unajua kwa nini ni tatu, si mbili wala tano? Siku moja ya kwenda. Siku moja ya kuuliza. Siku moja ya kurudi. Korongo hakuhitaji kuambiwa."

Wanyama wakatazamana. Wengi wao walikuwa wamesahau, na vijana hawakuwahi kujua. Waliona ni aibu yao pia, maana kwato zilizopigwa zilikuwa zao.

Spika alisema Kunguru atavuliwa uwaziri, ila kwanza atalijibu swali lililo mbele ya Baraza. Kunguru akaruka kuelekea ng'ambo mchana ule ule.

Siku ya tatu alirudi, mbawa zimejaa vumbi. Hakupanda kichuguu. Alisimama chini akasema Chonge yuko hai. Viboko wanaolinda magadi ya ng'ambo walikuwa wamemzuia, wala hawakumtesa. Walichotaka ni waziri wa kwao Chonge afike aseme neno moja, kwamba huyu ni wetu. Alipolisema, wakamwachia papo hapo, naye yuko njiani.

Mama Ngiri alimuuliza kama mwanawe alisema lolote.

"Aliniuliza nyumbani kuna msiba gani, hata miezi yote hii asije mtu," alisema Kunguru.

Jioni Chonge alivuka mto, maji yakimfika magotini. Alikuwa amekonda. Mama yake hakumuuliza kitu. Alimlaza ubavuni, akaanza kumtoa kupe mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo Kunguru hupiga kelele juu ya miti, na hakuna anayemuuliza swali.

Ngano hii inatufunza kwamba anayeulizwa habari za mtoto wa mwenzake na aende akaone, na asipojua aseme sijui. Maneno mazuri hayamrudishi mtu nyumbani.

Baraza lile halipo tena. Lilikaa mara ya mwisho mwaka ambao mto ulihama njia yake. Siku hiyo waziri alijibu swali moja, naye alikuwa amekwenda kujionea.

Nimeitua hapa, mwenye nguvu aibebe.

*Tumeipokea!*