Nanzia na Maji Yanayokimbia

Paukwa!

Pakawa!

Haya, vuteni vigoda, mahindi bado hayajaiva. Hapo kale, kale ya mababu wa mababu zetu, palikuwa na watu wa bondeni. Bonde lao lilikuwa tambarare kama sinia. Kila mtu alilima chake, akavuna chake, akala kwake. Hata moto hawakuombana.

"Hawakuombana moto, bibi?"

Hawakuombana. Mwaka mmoja mto ukafurika, ukameza mashamba, usirudi tena kwenye njia yake. Watu wakafungasha, wakapanda mlimani. Miongoni mwao alikuwamo mjane, jina lake Nanzia, na binti yake mdogo Nakiete. Alikuwamo pia shemeji yake, Kiangi. Kiangi akachagua shamba la juu, penye chemchemi. Nanzia akapata la chini yake.

Wakalima kama walivyozoea. Mvua ikanyesha, udongo ukateremka wote, na mbegu zikaenda nao. Nanzia akapiga magoti juu ya mwamba mtupu.

"Ee Mlima, tumekukosea nini?"

Mlima ukajibu, "Mmenilima kana kwamba mimi ni bonde. Kwangu maji hayalali, hukimbia. Yajengeeni ngazi."

Nanzia akawaambia wenzake. Wakapanga mawe, wakajenga matuta kama ngazi, kila mtu shambani mwake. Udongo ukatulia. Mbegu zikaota.

Kisha likaja jua. Kiangi akajenga ukuta, akaifungia chemchemi kwake. Mashamba ya chini yakakauka. Nakiete akalia kwa njaa na kiu, kisha akaacha kulia, na hapo ndipo mama yake aliposhikwa na hofu. Akapanda kwa Kiangi.

"Shemeji, tufungulie maji. Mtoto anakauka."

"Shemeji, kila mtu na chake. Ndivyo tulivyoishi bondeni."

"Hapa si bondeni."

Kiangi akageuza uso.

"Kiangi alikuwa mbaya, bibi."

Alikuwa na watoto wengi, mjukuu wangu, na alikuwa anaogopa. Mkewe ndiye aliyemfuata Nanzia njiani, akampa kibuyu cha maji na viazi viwili. Nakiete akanywa, akala, akapona.

Nanzia akaenda kuiuliza chemchemi, "Nawe unakubali kufungwa?"

Chemchemi ikajibu, "Sijui kukaa, najua kushuka tu. Kwangu maji hayalali, hukimbia. Anayenifunga ataniona."

Mvua zikarudi, tena kwa nguvu. Maji yakajaa nyuma ya ukuta wa Kiangi, ukuta ukavimba kama tumbo. Chini ya ukuta ilikuwa nyumba yake, na chini ya nyumba yake zilikuwa nyumba za wengine wote. Kiangi akasimama kwenye tope, ameshika jembe, hajui aanzie wapi.

Watu wakasema, "Mwacheni. Kila mtu na chake."

Nanzia akasema, "Ukuta ukianguka, utaanza kwake na kuishia kwetu. Njooni na majembe."

Wakaja. Wakachimba mfereji wa kukata mteremko, wake kwa waume, Kiangi katikati yao. Mlima ukanguruma, "Kwangu maji hayalali, hukimbia. Yaonyesheni njia." Jua lilipoinama, maji yakapinda kona, yakapita taratibu kando ya mashamba yote, na ukuta ukanywea.

Kiangi akamwendea Nanzia, akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, nilikunyima."

"Ulininyima," Nanzia akasema. "Kesho uje, tuta langu limebomoka."

Akaja. Wakaja na wengine. Wakakaa wakapatana: maji kwa zamu, mfereji kusafishwa na wote, tuta la mmoja kujengwa na wote. Mlima ukasema, "Sasa mnanilima mimi." Msimu ule Nakiete alikula maharage mpaka akasinzia na kijiko mkononi.

Siku moja akapita mgeni kutoka nchi tambarare. Akawaona wanajenga pamoja, wanaimba. Akauliza, "Ni mfalme gani anayewaamuru?"

Nanzia akaonyesha kwa kidole kule juu na kule chini. "Ni mteremko."

Basi, wajukuu zangu, nchi humfinyanga mtu, naye anayeisikiliza huishi. Hadithi yangu imeteremka mpaka chini, haina pa kwenda tena. Epueni mahindi, yanaungua.